Gari la Kitaliano Lililopiga Chafya Kapkatet

Wenzangu wa kituo cha majani ya chai, naandika kwa sababu mmenichosha. Kila tukikaa kwenye benchi kungoja lori, mmoja wenu anauliza, "Mama Chebet, eti ni kweli?" Kabla simulizi yangu haijafika hata Londiani, lori linatokea kwenye kona na kila mtu anakimbilia kikapu chake. Halafu habari zangu mwenyewe zinanirudia kanisani zikiwa zimenenepa: kwamba gari lilisukumwa na wanawake kutoka Litein mpaka Longisa, kwamba liliuzwa bila injini, kwamba mama mkwe wangu aliliitia mizimu. Mengine ni uongo mtupu, mengine ni kweli nusu. Basi haya hapa yote. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na asitie chumvi yake.

Kwanza mkumbuke nilitoka nyumbani na hasira gani. Chebet alizaliwa na mguu wa kushoto umegeukia ndani. Longisa walituambia mguu wa mtoto mchanga ni kama udongo wa mfinyanzi ambao haujakauka. Wanaunyoosha kidogo, wanaufunga plasta, wiki inayofuata wanafungua na kuunyoosha tena. Ukikosa kliniki, mguu unarudi ulikotoka. Tulikuwa tumekosa, kisha tukakosa tena. Yule daktari wa plasta aliniambia bila kupepesa macho, "Mama, Jumatatu ijayo usipokuja, tunaanza upya, na huyu anakua. Mwisho itabaki kisu."

Tulikosa kwa nini? Mvua ya El Nino ilikuwa imeikata barabara yetu, magari ya abiria hayashuki tena huku, na gari pekee upande wetu ni pikapu ya shemeji yangu Philemon. Mara ya kwanza pikapu ilikuwa imebeba mbolea. Mara ya pili ilikuwa na mbolea ileile, imefunikwa turubai vizuri kama maharusi. "Mbolea hainyeshewi, shemeji," akaniambia. Mtoto wangu alikuwa ananyeshewa mgongoni wakati anasema hivyo. Hapo ndipo nilipoapa kwamba nitanunua gari hata liwe na magurudumu ya mbao.

Jambo lingine la kukumbuka. Philemon ni mtoto wa mke mkubwa wa marehemu baba mkwe. Mume wangu Wesley ni mtoto wa mke mdogo, na mke mdogo huyo ndiye Gogo, mama mkwe wangu ninayekaa naye. Wanawake hao wawili waligombana maisha yao yote: kuni, kisima, ndama, nani alitangulia kusalimiwa. Mke mkubwa alipofariki, Gogo aliacha kabisa kulitaja jina lake. Husema tu "yule wa nyumba ya juu." Liwekeni akilini hilo.

Kupanda Londiani

Mnauliza kwa nini sikumtuma Wesley. Wesley hajui kuendesha hata toroli, na Mungu ambariki, alikubali hivyo bila kununa. Mimi nimezaliwa Soin, baba yangu alikuwa dereva wa trekta ya miwa, na alinikalisha kwenye usukani kabla sijamaliza shule. Gogo akasema atanisindikiza amshike mtoto. Tulipofika njiani ndipo akatoa sababu ya kweli. "Bot Chebet," akasema, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyoniita, mama yake Chebet, "mimi nimenunua ng'ombe wengi kuliko wewe."

Gari lilikuwa la Mzee Wekesa, mstaafu wa kiwanda cha mbao. Dogo, jekundu lililopauka, la Kitaliano. Wajapani wote walikuwa nje ya uwezo wetu, na Mtaliano hakuna aliyemtaka. Philemon alikuwa amenicheka mbele ya watu dukani kwake: "Mtaliano ni wa kupigiwa picha! Spea yake inatoka mbali kuliko mvua."

Tulitembea tangu alfajiri mpaka kwenye lami yenye magari ya abiria, tukafika Jumamosi jioni, baridi ya Londiani ikanishika mpaka kwenye meno. Mzee Wekesa alikuwa uani, injini tayari inanguruma. "Karibuni! Sikieni sauti hiyo! Kama cherehani!"

Mimi nilianza kutabasamu. Gogo hakutabasamu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kama anampima mtoto homa.

"Huyu amekimbizwa," akasema.

Nanyi mnaujua ujanja huo. Mtu anayeuza ng'ombe haachi akamuliwe jioni, ili ukija asubuhi ukute kiwele kimejaa, useme mama huyu ana maziwa. Ukimfikisha kwako, anakutolea kikombe. Ndiyo maana wazee wetu wakienda kununua ng'ombe wanalala hukohuko, wanakamua wenyewe jioni, wanakamua tena alfajiri. Injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika ni kiwele hichohicho.

"Tutalala," Gogo akamwambia Mzee Wekesa. "Zima. Tutamwona asubuhi."

"Lakini mama, hii ni gari, si ng'ombe!"

"Kwani mimi nimekuja na kamba? Nimekuja na blanketi."

Mke wa mzee, Mama Nekesa, alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Ndiye aliyetuokoa. Alitupikia viazi vya Londiani, vile vinavyopasuka vyenyewe kama unga, akampasha Chebet maji ya kuoga kwa sufuria, akiinua ule mguu wa plasta juu kwa uangalifu usilowe, na hakuniuliza maswali ya kipumbavu kuhusu nilikula nini nikiwa mjamzito. Hilo peke yake ningelilipia.

Alfajiri nilikuwa nje namnyonyesha mtoto. Nikamwona nani anakuja kwa kunyata, koti refu juu ya nguo za kulalia, funguo mkononi? Mzee Wekesa.

"Mzee, unaenda kumkamua kabla yetu?"

Alisimama. Akaangalia funguo, akaniangalia mimi, akacheka kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi. "Haya, mama. Kamua mwenyewe."

Basi nililiwasha likiwa baridi kama jiwe la mtoni. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili likakohoa. Mara ya tatu likaamka. Moshi ulitoka mweupe, halafu ukasafika. Gogo alikuwa ameinama nyuma kwenye bomba, anakagua kama mtu anayekagua kinyesi cha ng'ombe. "Tumbo lake ni safi," akatangaza. Gunia nililotandika chini ya gari jioni lilikuwa na doa dogo la mafuta, si la kutisha. Nikalipandisha gari na kulishusha barabara ya msituni. Breki ilivuta kushoto, gia ya pili ilitaka kubembelezwa, lakini injini haikulalamika.

Tukiwa kwenye bomba la maji Mama Nekesa alininong'oneza, "Ni gari nzuri, sikudanganyi. Lakini siku ya mvua, sisi tunaenda kanisani kwa miguu."

Nilisikia vizuri. Nikaweka mguu wa mtoto upande huu, mvua upande ule, nikapima. Nikachukua gari. Mambo ya karatasi nayaruka. Mzee Wekesa alifuta kioo kwa mkono wa koti lake, akatupa mkanda wa feni wa akiba, akageuka haraka akaingia ndani. Nadhani alikuwa analia. Sikumkasirikia tena.

Londiani hadi Chepseon

Gogo alikaa mbele, mtoto mapajani, akishika mlango kwa mikono yote miwili kama anayezuia dume. Kwenye kila kona alisema "pole pole" kwa gari, si kwangu. Tulipita Kedowa vizuri. Nilianza hata kuimba.

Kabla ya Chepseon sindano ya joto ikapanda, mvuke ukatoka mbele, nikasimama kando. Rejeta ilikuwa na kiu na sisi hatukubeba maji. Nilikuwa nimekumbuka nepi, blanketi, sufuria, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yaliyotiwa mkaa, cha kumpa atakayetusaidia, lakini maji, hapana. Mtu wa Soin, bonde la joto, anaogopa baridi, hafikirii joto.

Akaja mwanamume mmoja wa makamo amevaa gambuti, anaendesha baiskeli yenye mitungi ya plastiki pande zote mbili nyuma. Alikuwa na haraka ya kuwahi maziwa yapokelewe. Alisimama hata hivyo, na watu wanaosimama nawaheshimu.

"Mama, maji ninayo," akasema, akishusha mtungi.

Gogo akamtazama. "Wewe unapeleka maziwa."

"Ndiyo, mama."

"Sasa maji ni ya nini?"

Jamani! Uso wa yule mtu uliwaka. Sote tunajua maji ya nini. Unaongeza kidogo kidogo njiani, kabla hujafika kwa yule wa kupima. Kwa aibu akakimbilia kumimina, haraka haraka, akitazama pembeni asikutane na macho ya Gogo. Rejeta ikanywa yote. Mimi ndiye niliyeona mtiririko wa mwisho kwenye shingo ya mtungi.

"Ni nyeupe!" nikapiga kelele. "Umeweka maziwa!"

Alinusa mtungi. Akanusa ule mwingine. Akavua kofia. "Nisamehe sana mama. Lakini..." akameza mate, "lakini hayo si mazito."

Nilitaka kumpiga. Naapa nilitaka. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika kwa kuwa karatasi hii itasomwa na mke wa pasta. Gogo akacheka mpaka machozi yakamdondokea mtoto, na ukiona mama mkwe wako anacheka hivyo, hasira inakosa pa kusimama. Yule mtu alitusukuma mpaka gari likawaka, akakataa hata ahsante. Alirudi nyumbani bila maziwa ya kuuza siku hiyo, mjue.

Kutoka hapo hadi Kericho gari lilinuka maziwa yaliyoungua. Mbwa walitufuata. "Linanuka kama nyumba," Gogo akasema, na kwa mara ya kwanza akaachia mlango.

Kericho, kwa Mama Akinyi

Mama Akinyi nilisoma naye sekondari, tulilala kitanda kimoja cha juu na chini. Ameolewa na Odongo, fundi wa mashine kwenye kiwanda kimoja cha majani, wanakaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Tulimkuta Odongo ametoka kanisani, suti na tai. Ni mtu wa kelele, anayejisifu kabla hujamsifu. Alifungua rejeta kwa kitambaa, akachungulia, akanyamaza. Mama Akinyi alisema hajawahi kumwona amenyamaza.

"Shemeji," akaniambia mwishowe, "kwenye rejeta nimetoa kutu. Nimetoa matope. Siku moja nilitoa chura. Chai ya maziwa, hii ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Ni maziwa ya maji," nikamwambia.

"Hiyo ndiyo imekuokoa! Ingekuwa maziwa ya kweli mngekuja na jibini."

Alivua koti la suti, hakuvua tai. Alisafisha ile rejeta mpaka maji yakatoka meupe, kisha mpaka yakatoka safi, akabadilisha paipu moja iliyokuwa imepasuka, ndiyo iliyovujisha tangu mwanzo. Wakati huo Mama Akinyi alitupakulia ugali na omena, wale dagaa wa ziwani. Gogo hakuwahi kuona omena. Aliinamia sahani.

"Hawa wananiangalia," akanong'ona.

"Mama, kula. Nimewakaanga na nyanya."

"Wote wana macho."

Alikula. Alikula kwa heshima kwanza, akifumba macho yake mwenyewe, halafu akaomba nyongeza. Kulipa fadhila tukatoa kibuyu cha mursik. Odongo akaona zile chembe nyeusi za mkaa kwenye kikombe, akaniangalia kwa hofu. "Shemeji, hii nayo imepitia kwenye rejeta?" Mama Akinyi akampiga bega. Akanywa. Akakunja uso, akanywa tena.

Kabla hatujalala Odongo aliacha mzaha. Alinionyesha kifuniko cha distributa, kile kinachogawa moto kwenye plagi. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. "Injini ni nzima. Nakuambia ukweli, huyu Mtaliano ametunzwa. Lakini hapa maji yakiingia, anakufa. Leo ni Jumapili, duka la spea limefungwa. Ngoja kesho mchana nikutafutie."

"Kesho asubuhi niko Longisa," nikasema.

Alimtazama Chebet aliyekuwa amelala, ule mguu mweupe umetokeza nje ya shuka. Hakubishana. Alifunga kile kifuniko kwa karatasi ya nailoni na mpira. "Ukikutana na mvua, usikimbie kwenye madimbwi. Na uombe." Pesa alikataa. Alisema atasimulia habari ya maziwa kiwandani mwaka mzima, hayo ndiyo malipo.

Kericho, Litein na mlima

Jumatatu tulitoka mapema, mawingu yamekaa juu ya mashamba ya chai kama kifuniko cha sufuria. Tulipita Litein kukiwa kukavu. Nikasema moyoni, Philemon atakula maneno yake.

Mvua ikatupiga baada ya Litein. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagwa. Lori moja likatupita kwa kasi kwenye bonde na kuturushia dimbwi zima mbele. Kwenye mlima kabla ya Kapkatet, Mtaliano akatetemeka, akajikaza, akafa. Nikavuta breki ya mkono. Nikawasha. Hakuna. Nikashuka kwenye mvua, nikafuta ile distributa kwa nepi, nikafunga, nikawasha. Hakuna.

Kliniki ya plasta hufungwa kabla ya saa sita, mnajua. Nilipiga usukani mpaka mkono ukavimba. Nilimlaani Mzee Wekesa, nikamlaani dereva wa lori, nikamlaani Philemon na mbolea yake mfuko kwa mfuko. Chebet akaanza kulia kwa kuogopa sauti yangu.

Kutoka shambani wakaja wanawake wa kuchuma majani, vikapu mgongoni, wamejifunga zile aproni zao za nailoni. Hawakuuliza mimi ni nani. Waliweka vikapu chini, wakasukuma. Gari lilikwenda hatua chache, likateleza, likakataa. Huko ndiko kusukumwa mnakosikia kwamba kulifika Longisa! Mama mmoja mzee kati yao alivua aproni yake, akaufunga mguu wa Chebet maji yasifike kwenye plasta, yeye mwenyewe akabaki analowa. Jina lake ni Kogo Rael. Namwandika hapa ili asisahaulike.

Ni huyo Kogo Rael aliyemuuliza Gogo, "Hili gari linaitwa nani?"

"Limenunuliwa jana. Halina jina."

"Sasa mnashangaa nini? Mtoto asiye na jina hulia tu."

Nyinyi mliozaliwa huku mnajua, lakini kuna wenzetu wa kutoka ziwani, niwaeleze. Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wazee humtajia majina ya waliokufa katika ukoo, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye aliyerudi. Wakati mwingine anasaidiwa na ugoro kidogo. Kila mtu hucheka kwa furaha, na tangu siku hiyo mtoto anaitwa kwa heshima ya yule marehemu.

Walianza kwa mzaha, mjue. Ilikuwa mvua, tulikuwa tumekwama, wanawake wakachagua kucheka. Walibishana kwanza kama gari ni la kike au la kiume. "Linabeba watu tumboni," mmoja akasema, "ni la kike," na shauri likaisha. Mwingine akafungua kikopo cha ugoro, akazunguka mbele akiuliza pua iko wapi. Nikamwambia akithubutu kuweka ugoro kwenye injini yangu nitamtia yeye ndani.

Gogo akaanza. Nami kila jina lilipotajwa niligeuza ufunguo.

"Tabarno," mama yake mzazi. Kimya.

"Tapkigen," shangazi aliyemlea. Kimya.

Alimwita dada yake. Alimwita nyanya yake baba mkwe. Alimwita kila mwanamke mwema aliyezikwa katika ukoo ule, na betri ikaanza kuchoka, sauti ya kuwasha ikawa nzito kama mtu anayeinuka na mzigo. Mzaha ulikuwa umeisha. Wanawake walijikunyata kwenye mvua.

"Wamekwisha," Gogo akasema.

Kogo Rael alikuwa anatoka upande wetu kabla ya kuolewa. Anajua mambo. "Hawajakwisha," akasema. "Umemwacha mmoja."

Gogo akageuza uso kwenye dirisha. "Huyo, hapana."

Nilielewa. Na hapa, wenzangu, mimi ambaye namheshimu mama mkwe wangu, nilimpandishia sauti kwa mara ya kwanza maishani. "Mama! Betri inakufa! Mara moja tu imebaki! Mimi siamini na siamini kwamba siamini, lakini mtaje! Mguu wa mtoto ni wa nani, ni wa nyumba ya juu au ni wa nyumba ya chini?"

Gogo aligeuka kutoka dirishani. Alimtazama Chebet. Alishika ule mguu uliofungwa nailoni, akaushika muda mrefu, kidole chake kikizunguka kisigino. Halafu akainama mbele mpaka paji la uso likagusa pale juu ya redio, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayegonga mlango wa jirani aliyegombana naye:

"Taprandich."

Nikageuza.

Gari likapiga chafya. Siwezi kuiita kitu kingine. Mlipuko mmoja nyuma, moshi mweusi, gari zima likaruka, kisha likanguruma. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mtoto akasahau kulia. Gogo alikuwa amefunika mdomo.

"Ndiye," akasema. "Ni yeye kabisa. Hajawahi kutoka nyumbani mvua ikinyesha."

Baadaye Odongo alinieleza kwamba joto la injini lilikausha distributa wakati sisi tunapiga kelele, na kwamba ningetulia bila kuwasha kila mara ingewaka mapema zaidi. Pengine. Amebadilisha kifuniko sasa. Mimi niliyekuwa pale ninawaambia nilichosikia.

Longisa

Sikusimama Sotik, sikusimama Bomet. Gogo hakusema tena "pole pole." Alisema, "Twende, twende," na sikujua anamwambia nani.

Daktari wa plasta alikuwa anafunga kabati. Aliangalia nguo zangu zilizochuruzika, akaangalia aproni ya kuchumia majani kwenye mguu wa mtoto. Alifungua kabati tena, akaloweka bandeji. Alipokata plasta ya zamani nilishindwa kutazama. Gogo ndiye aliyetazama.

"Umekaa," daktari akasema. "Haujarudi sana. Mama, huu mguu umeanza kusikia." Kisha akauliza, "Mmekuja na nini kwenye mvua hii?"

Gogo akanitangulia. "Tumeletwa na mke mwenzangu," akasema.

Nyumbani

Philemon alikuja jioni ileile na watu wake wa dukani kuja kucheka. Alizunguka gari, akanusa, akasema, "Mbona Mtaliano ananuka chai?" Watu wakacheka. Akainua kiatu apige teke gurudumu.

"Usimpige mama yako teke," Gogo akasema kutoka mlangoni.

Philemon alidhani ni matusi. Kisha Gogo akamsimulia, mbele ya wote, mlima, majina, na chafya. Alipolitaja lile jina, ambalo Philemon hakuwahi kulisikia kinywani mwa Gogo tangu mazishi, alirudi nyuma hatua moja. Alivua kofia. Mwanamume mzima, mkorofi, mwenye duka, akasimama mbele ya gari jekundu lililopauka, hajui aweke wapi mikono. Aliondoka na watu wake, na mimi nilifurahi, sitadanganya.

Asubuhi nilipotoka nilikuta gari limefunikwa turubai. Lilelile la mbolea. Lilikuwa limefungwa kamba kila pembe, vizuri, na Philemon alikuwa anamalizia fundo la mwisho. Hakuniangalia.

"Mama hakupenda mvua," akasema.

Bado nina hasira naye. Nitamsamehe Chebet akitembea, si kabla. Lakini hatujakosa kliniki tena, na sasa kisigino chake kinagusa chini ukimsimamisha. Kwa hiyo mkiniuliza kama Mtaliano anaaminika, ninasema lala kwa muuzaji kwanza, mshike akiwa baridi, uwasikilize wanawake wa nyumba hiyo bombani, na umtunze na maji. Mengine ni watu. Mama Nekesa, yule mtu wa gambuti, Odongo na tai yake, Kogo Rael aliyelowa kwa ajili ya mguu usio wake: Mungu awape, kwa kuwa mimi sina cha kuwapa ila maandishi haya. Aproni nimeifua, nitaipeleka.

Kila asubuhi ya kliniki Gogo ananitangulia kutoka nje. Anafungua kamba, anakunja turubai, anagonga boneti kwa kiganja mara mbili. Namsikia nikiwa jikoni namfunga Chebet shuka.

"Taprandich," anasema. "Amka. Mtoto wetu anachelewa."